Kitanda Kilichokawia Kurudi

Sittana alikuwa na kinyongo, na kinyongo chenyewe kilikuwa cha kitanda. Vita vilikuwa vimeivuruga Omdurman nzima, soko limeteketea, umeme umekatika, mabomba yakifunguliwa yanatoa upepo mtupu, na yeye, mwanamke mzima aliyekwisha kuhiji, alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ua wake akimnung'unikia jirani kwa ajili ya kitanda. Msimcheke. Hayo mengine yote hakujua amdai nani. Kitanda alijua kiko kwa nani.

Kilikuwa angarebu, kitanda cha kamba za ngozi chenye miguu minene ya kuchongwa, ambacho mumewe Babikir aliachiwa na mama yake. Vya kulalia vilikuwa vingine. Hiki kilikaa kimeegemezwa ukutani mwaka baada ya mwaka, na kilishushwa kwa mambo mawili tu: kumkalisha bibi harusi siku ya kufukizwa na kufungwa uzi mwekundu mkononi, au kumpeleka maiti makaburini. Mtaa mzima ulikiazima. Sittana mwenyewe alikikalia akiwa mwari, hina imemkolea hadi kwenye vifundo, na baadaye akashuhudia mama mkwe wake akitolewa juu yake. Watu wakikiona kinavuka mlango waliuliza jambo moja tu, harusi au msiba, wakaenda kubadili nguo.

Kisha akaja Ihsan kukiazima kwa ajili ya mgongo.

Ihsan ndiye jirani wa ukuta mmoja. Katika ukuta huo kulikuwa na kijilango, kama kwenye nyumba zote za zamani za mtaa ule, ili wanawake watembeleane bila kupita barabarani. Humo ilipita chumvi, ikapita mikate ya kisra ingali moto, ukapita umbea usiohesabika, akapita na Haydar, mtoto wa pekee wa Ihsan, kwanza akitambaa, kisha akikimbia, kisha akiinama ili kichwa kisigonge. Haydar alikuwa mtu mzima sasa, kinyozi. Saluni yake ilipovunjwa na wenye bunduki wakabeba mpaka vioo, akageuka mchota maji. Alikwenda mtoni kwa baiskeli na madumu mawili, moja la mama yake, moja la Sittana na Babikir. Njia ya mtoni ilikuwa na watu juu ya maghorofa wanaopiga risasi chochote kinachosogea, lakini kiu haingoji.

"Haydar mgongo unamuuma," Ihsan alisema asubuhi ile, amesimama kwenye kijilango, upindo wa tobu lake, lile shuka refu la kujitanda, umemfunika mdomo. "Godoro linamchoma kwa joto. Nipe kile cha kamba."

"Kitanda cha maiti ukamlazie kijana mzima! We Ihsan, akili umeiacha wapi?"

"Kwani vita hivi vimembakishia nani akili? Nipe, bibi wee, nisisimame hapa."

Sittana akampa. Ihsan akakigeuza ubavu, akakipitisha kwenye kijilango peke yake, hakutaka kusaidiwa. Akarudi mara moja tu, na dumu la maji. "Lenu hili," akasema. Kisha akafunga kijilango, na Sittana akasikia kitu kizito kikiburutwa na kuegemezwa kwa ndani.

Hapo ndipo kinyongo kilipoota mizizi. Tangu siku ile kijilango hakikufunguliwa. Ihsan alileta bakuli la maharage kutoka kwenye chungu walichopikiana mtaa mzima, lakini alilipitisha juu ya ukuta, mkono tu unaonekana. Ukimuuliza Haydar yuko wapi, amelala. Ukiuliza tena, ametoka. Maji sasa alileta Awad, fundi viatu wa nyumba ya pembeni, ambaye akiulizwa kitu alijikuna shingo na kusema ana haraka.

"Wameninunia," Sittana alimwambia mumewe. "Sijui nimewakosea nini. Na kitanda chetu wamekikalia."

Babikir hakujibu haraka. Hakuwa akijibu kitu haraka siku hizo. Ugonjwa wa sukari alikuwa nao miaka mingi, wakaishi nao vizuri kama mpangaji mtulivu, lakini dawa ilikwisha, na maduka ya dawa yaliyobaki yalikuwa ng'ambo ya mto ambako hakuna avukaye. Mguu ukavimba, ukageuka rangi. Alijua anakwenda, na Sittana alijua, na wote wawili walizungumzia mambo ya kitanda.

"Kakidai," Babikir alisema. "Nataka nitoke juu ya kitanda cha mama. Nitoke kwa mlango wangu wa mbele, kama watu. Nimewaona wanavyowapitisha wenzangu kwenye toroli, miguu inaning'inia. Mimi nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu, Sittana. Siendi kwa Mungu na toroli."

"Huendi popote, mzee. Kula asida hii."

"Na Haydar aje aninyoe. Nitamwogopesha malaika na ndevu hizi."

Akacheka, na Sittana akacheka naye, kisha akatoka nje ya chumba upesi.

Kuna jambo jingine lililokuwa likimsumbua, na hilo hakumwambia mtu. Ilikuwa desturi yao kwamba mtu akikata roho, wanawake wa nyumba hupiga ukemi, ukemi mrefu wa kupasua kuta, na papo hapo mtaa mzima hukimbilia: mwenye unga mkononi, mwenye sabuni kichwani, wote. Mfiwa hakuachwa peke yake hata muda wa kuvaa viatu. Mwanzoni mwa vita mama wa nyumba ya kona alifariki, mabinti zake wakapiga ukemi, watu wakaja kama walivyokuja siku zote, wakatandika mikeka, na kombora likaangukia mikekani. Hakuna aliyejua limetoka upande gani, na waliolitupa hawakujali. Waliobaki hai mtaani wakaahidiana: hakuna ukemi tena. Mtu akifa, nyumba inanyamaza. Aliyeshikilia zaidi ahadi hiyo alikuwa Ihsan, aliyezunguka mlango kwa mlango akiwaapisha wanawake. Sittana aliapa. Lakini alijijua. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya mtaa, aliyelilia maiti wa watu kwa majina na sifa zao mpaka wanaume wakafuta macho. Angewezaje kumkalia kimya Babikir?

Kama ukemi haupo, basi walau kitanda. Ndivyo alivyojiambia. Akaenda ukutani.

"Mama Haydar! We mama Haydar! Kitanda changu."

Sauti ikatoka karibu, kama ya mtu aliyelala. "Kesho, hajja."

"Kesho yako imekuwa ndefu. Huo mgongo wa mwanao ni mgongo wa mtu au wa ngamia? Mpaka sasa haujapona?"

Sittana akausogelea ukuta.

"Na umwambie aje amnyoe mzee wake. Au na mikono nayo inamuuma?"

Ihsan hakuwahi kuacha kijembe kipite bila kukirudisha. Kwa miaka yote ya ujirani wao, Sittana hakukumbuka hata kimoja. Alisubiri. Alimsikia jirani yake akivuta pumzi, basi. Sittana akaona leo amemweza, akarudi ndani ameridhika kidogo.

Babikir alikufa kesho yake, jua likiwa limeshapanda. Hakusema neno la kuwekwa akilini. Aliomba maji, akanywa kidogo, akamtazama mkewe kama mtu anayetaka kumkumbusha kitu, kisha hakuwa akimtazama tena.

Ukemi ukapanda. Sittana aliusikia ukija kutoka tumboni, akakunja upindo wa tobu na kuusokomeza mdomoni, akauma mpaka taya zikauma. Alimfumba Babikir macho. Akamfunga kidevu kwa kitambaa. Kisha, nguo ingali mdomoni, akatoka na kwenda moja kwa moja kwenye kijilango, akakisukuma kwa bega. Hakuwa na mpango wa kumwomba mtu. Alikuwa amekuja kuchukua kitanda, na kama Haydar amekilalia, atamwangusha.

Kile kitu kizito kilikuwa gunia la mchanga. Likasogea, kijilango kikafunguka nusu, na Sittana akapenya.

Kitanda kilikuwa katikati ya ua, chini ya mlimau. Aliyelala juu yake alikuwa Ihsan, amekonda, midomo imepasuka, fimbo mkononi. Chini ya kitanda, kati ya ile miguu minene ya kuchongwa, kulikuwa na tuta refu la udongo lililopangwa matofali pembeni. Upande wa kichwani palisimamishwa dumu la njano lenye tundu ubavuni.

Nguo ilimdondoka Sittana mdomoni.

"Mbwa," Ihsan alisema, kama anayejitetea. "Wamezoea nyama ya watu, mbwa hawa. Wanaruka ukuta. Nikishuka kidogo tu wanaanza kufukua. Ndiyo maana sikukirudisha, dada yangu. Nisamehe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mgongo."

Sittana akashika mti. "Ulikuja kwangu... ulisimama pale mlangoni..."

"Alikuwa ndani, nimemfunika. Awad alimleta na baiskeli yake. Madumu yalikuwa mawili. Letu ndilo lililotoboka."

Sittana aliyakumbuka yale maji. Alikumbuka alivyoyachuja kwa kitambaa, akayasifu kuwa leo ni safi, akampikia Babikir chai.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi, Ihsan! Mimi nilimfunga kitovu!"

"Ungenyamaza?"

Sittana akafungua mdomo aseme ndiyo. Wakatazamana. Hakuweza kusema.

"Ningekwambia, ungelia," Ihsan akasema taratibu, "na wewe ukilia nisingeweza kujizuia, na wangekuja wote." Kisha akaona upindo wa tobu wa mwenzake, umelowa na kuchanika kwa meno. Akainuka kwenye kamba. "Babikir?"

Sittana akaitika kwa kichwa.

Ihsan akashuka. Akashika ukingo wa kitanda. "Basi tukibebe," akasema. "Zamu yake."

Sittana alimwosha mumewe mwenyewe, na Ihsan akamwagia maji kidogo kidogo huku fimbo iko kwapani na macho yako kwenye kijilango. Bafta ya sanda haikuwepo mjini. Sittana alikuwa na tobu jeupe aliloliweka kwa eda yake, maana alijua litahitajika, akamvika Babikir. Alipofika kwenye ndevu akasita, akazichana kwa vidole tu. Hakumtajia mtu habari ya kunyoa.

Awad aliitwa kimyakimya, akaja na kaka yake, wametembea wameinama. Makaburini hakuendeki, alisema, na akataka kuchimba pale pale uani kwa Sittana.

"Hapana," Sittana akasema. "Kwa Ihsan. Ubavuni kwa Haydar."

"Hajja, kwenye kijilango kitanda hakipiti na mtu juu. Itabidi tuzunguke barabarani."

"Ndivyo alivyotaka. Kwa mlango wa mbele."

Awad akajikuna shingo. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni hatua chache, lakini ilikuwa mchana kweupe, na nyufa za maghorofa zilikuwa zikitazama. Akamwangalia Ihsan, Ihsan alikuwa ameshashika mguu wa kitanda. Basi wakakinyanyua, wanaume wawili mbele, wanawake wawili nyuma, na Babikir akavuka mlango wake juu ya kitanda cha mama yake. Barabara ilikuwa tupu, vumbi na maganda ya risasi. Hakutoka mtu. Lakini nyuma ya milango iliyofungwa Sittana alisikia mnong'ono, mlango wa kwanza, na wa pili, watu wakisoma Fatiha kwa pumzi tu, na akajua wote wamekiona kitanda. Hakuna risasi iliyolia. Wakaingia kwa Ihsan.

Baada ya kuswali na kufukia, wanaume walikaza matofali pembeni, wakaondoka mmoja mmoja. Ihsan akakivuta kitanda, akakiweka kikingamane na matuta yote mawili. Kilitosha kwa shida.

"Tutalala wawili," akasema. "Kichwa kwa miguu. Unakoroma bado?"

Ukemi ulikuwa umemkwama Sittana kifuani tangu asubuhi na sasa alikuwa akishindwa kupumua. Ihsan akamwona. Akamshika mkono, akampeleka pembeni ya ua ambapo mtungi mkubwa wa maji ulisimama kwenye kigoda chake cha chuma, ule uliokuwa ukijazwa kwa ajili ya kila mpita njia mwenye kiu. Ulikuwa mkavu tangu mabomba yalipokufa.

"Ingiza kichwa humu," Ihsan akasema. "Mpaka mabegani. Mimi nililia humu. Awad alikuwa hapo nyuma ya ukuta na hakusikia."

Sittana akalishusha tobu kichwani, akainama, akaingiza kichwa gizani. Kulikuwa na harufu ya udongo na ya maji ya zamani. Alitaka kuanza kama alivyoanza siku zote, kwa jina la maiti na sifa zake, Babikir wa reli, Babikir mwenye mkono mwepesi. Alivuta pumzi. Jina la kwanza kumtoka halikuwa hilo.

"Haydar," alilia, na mtungi ukamrudishia sauti yote usoni. "Haydar mwanangu, mgongo wako. Mgongo wako, mwanangu, mgongo wako."

Ihsan alimshika kiunoni kwa mikono miwili asianguke, fimbo imelala chini, akawa anatazama kitandani kuona kama kuna mbwa.