Yai la Siku ya Mizani

Mwaka uliofuata ile njaa ya unga wa njano wa msaada, chuo kilimtuma msichana aitwaye Leonida Walubengo hapa mtaani Huruma, kuchunguza watoto wadogo wanakula nini. Alibeba mizani ndogo ndani ya kiondo. Alikuwa anakaa kwenye kigoda jikoni kwako asubuhi mpaka jioni, na kabla chochote hakijaingia kwenye sufuria, anakipima na kukiandika. Kila nyumba ilipewa siku yake. Wanawake wakamwita Mama Mizani, naye akaitika akicheka.

Ploti yetu ilikuwa na nyumba saba na chama kimoja cha mzunguko. Mwezi huu huyu ananunuliwa sufuria, mwezi ujao yule blanketi. Basi tuliposikia kwamba siku ya kupimwa itazunguka nyumba kwa nyumba, hatukuhitaji kufundishwa. Mgeni aje kutazama jikoni kwako akute ugali na chai ya rangi? Tukakubaliana kwamba mwenye siku atachangiwa na wengine. Zeinab, jirani yangu wa ukuta mmoja, alitoa maziwa. Wengine walileta maharagwe. Mimi nilikuwa na kuku anayetaga, kwa hiyo mayai yalikuwa juu yangu. Mwenyekiti wa chama pia nilikuwa mimi, na mpango ule ulikuwa wangu.

Siku yangu ilipofika nilimpikia mjukuu wangu Wacera yai na maharagwe. Alikuwa na miaka miwili. Mama yake aliniachia alipopata kazi mbali. Mtoto aliligusa lile yai kwa kidole kimoja, kisha akanitazama usoni, kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Anakula hivi kila siku, Mama?" Leonida aliuliza.

Nikasema ndiyo, huku nikichochea moto.

Baada ya wiki tatu alirudi na utepe wa kupima mkono. Kijana wangu Kiarie alikuwa anapata maziwa ya shule, lakini shule haipokei wa miaka miwili. Utepe ulipozunguka mkono wa Wacera ulisimama kwenye nyekundu, alama ya mtoto aliyekonda kupita kiasi. Nywele zake zilikuwa zimepauka, na siku hizo alikuwa ameacha kukimbiza kuku. Leonida alipiga magoti mbele yake kwa muda mrefu. Akatueleza kwamba kliniki imeletewa maziwa na unga wa uji wa watoto, lakini haviwatoshi wote, na Ijumaa yatatolewa majina ya watoto wa nyumba ambazo daftari linaonyesha chakula ni kidogo. Kwa daftari lake, hakuna ploti Huruma iliyokula vizuri kama yetu. Watoto wetu akawaandikia dawa ya minyoo, akidhani ndiyo inayowakondesha.

Wenzangu walikuwa wamesimama pale. Kila mmoja akapokea karatasi yake ya dawa akashukuru, na mimi pia nikashukuru.

Jioni nilisali, lakini kila nikifika kwenye jina la Wacera nilikwama. Ningemwomba Mungu nini, na sufuria zote alikuwa ameziona? Asubuhi nikawaambia akina mama kwamba nitamweleza Leonida ukweli.

"Mama Kiarie, unataka kutuvua nguo mbele ya mgeni?" Zeinab akasema.

"Nitavua yangu tu."

Alhamisi Leonida alipokuwa akipita nilimwita aje na mizani. Akasema siku yangu ilishapita.

"Ndiyo sababu nakuita, binti yangu."

Alipima ugali, akapima kabichi. Akauliza mengine yako wapi, nikamwambia hakuna mengine. Hapo nikamweleza habari ya mzunguko, na kwamba mayai ya kuku wangu huenda dukani kubadilishwa na unga. Akafunua daftari kurudi nyuma mpaka kwenye siku yangu. Nilifikiri amekasirika.

"Mama yangu angefanya hivyo hivyo," alisema mwishowe. "Padri akija kwetu, tulikuwa tunachinja kuku aliyelalia mayai. Kosa ni langu. Nimewapangia siku kama ya harusi, halafu nashangaa mmepika."

Akapiga mstari kwenye ukurasa wangu wa zamani, akaanza mwingine. Kabla hajamaliza, Zeinab aliingia na sufuria yake imefunikwa kwa leso.

"Pima hii haraka kabla sijaona haya," alisema. "Na usicheke."

Leonida alizunguka nyumba zote saba siku hiyo. Ijumaa jina la Wacera lilisomwa, na majina ya watoto wengine wanne wa ploti yetu.

Aliniomba jambo moja tu, kwamba kati ya mayai matatu, moja lisifike dukani. Miezi miwili baadaye, siku ya kawaida isiyo na mgeni yeyote, nilimwekea Wacera yai kwenye sahani. Alilishika kwa mikono miwili, akauma, akaendelea kula. Hakunitazama kwanza.