Wali Bila Sahani

...na sahani haleti, namwona, mzee wa watu ameshatua kikaango katikati ya meza, kipana kama ungo, wali wa njano na nyama ya sungura juu yake, katupa vijiko vitatu vya mti, basi, na mkwe wangu Médiatrice anamwonyesha kwa mikono, sahani, sahani tatu, mzee anatikisa kidole, anacheka, anaonyesha picha ukutani, watu wa zamani wenye masharubu wamekizunguka kikaango kama hiki hiki, humu humu, hoteli ya babu wa babu yake... eh, Mungu ananipenda, kanivusha mpaka Hispania kuja kunifuta machozi. "Mama, usicheke bwana," Médiatrice ananinong'oneza, sicheki mwanangu, nimebana meno tu, nakumbuka sinia langu kule Toronto, siku ile nimelitandika chini sebuleni, ugali na dagaa, nikamwita mjukuu wangu, Mélissa, njoo tule, akaja, akatazama, "Bibi, no, kuna germs," eti vijidudu, akabeba bakuli lake akaingia chumbani, na mama yake, huyu huyu Médiatrice, akasema zoea tu Mama, huku kila mtu na chake, nikazoea, nikawa nakula peke yangu kama mwenye kipindupindu, mpaka nikaapa, tukirudi safari hii namwambia mwanangu Tomasi anikatie tiketi, nikafie kwetu Kasulu ambako mtu hali peke yake kama mchawi... mzee anasema nini tena, Kiingereza chake kama changu, Mélissa ananitafsiria, "anasema kula mbele yako, usiende kwa mwenzako," yaani na hilo wanalijua! mimi nilifundishwa kwa kofi la mkono, ukivuka upande wa mwenzio wewe mlafi, sasa nani mshamba hapa, nitawaambia, leo nawaambia, maneno yako hapa ulimini yananiwasha kama pilipili... lakini tazama, katoto kangu kameshika kijiko, kanachora mstari kwenye wali, "hapa mimi, hapa Mama, hapa wewe, Bibi," halafu paja zima la sungura lililoangukia upande wake analisukuma kwangu, nyama nono ya mkubwa, nani kamwambia, mimi sijamwambia, kumbe akiwa kule mlangoni mwa chumba chake na simu yake alikuwa anaona, alikuwa ananiona nikimwekea baba yake firigisi bakulini mwake, kwa heshima... pilipili yenyewe imekwisha ulimini, tiketi ya nini, nimwachie nani huyu, "Bibi, mbona huli?" nimeshaanza kushiba mwanangu, na Médiatrice naye kainama mbele, kijiko mkononi, hagusi, hata yeye anajua mdogo hatangulii, wananingoja, wote wawili wananingoja mimi, njaa inawauma, na mimi kijiko nimekiinua hewani kama askofu na fimbo yake, wangoje kidogo, kidogo tu, wali bado wa moto...