Kumsindikiza Namsifu

Usingizi unanichukua nikiwa na foronya mkononi. Ni Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nimeketi kwenye kitanda cha wageni ninakitandika, maana kesho usharika unaniletea vijana wawili wa misheni kutoka Ulaya, watakaa kwangu mwaka mzima wakisaidia zahanati na kufundisha watoto kinanda. Huku kwetu milimani Upareni kazi hiyo ni yangu. Nimeshapokea kumi na moja, na wote kumi na moja nimewasindikiza mpaka darajani siku ya kuondoka, kila mmoja na mayai yake mawili ya kuchemsha na chumvi kidogo kwenye karatasi. Mmoja tu sikumsindikiza, na huyo ni damu yangu, Namsifu, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Yeye usharika ulimtuma aende huko Ulaya kwa hao wageni, kwenye baridi, akawatunze wazee wasio na watu. Siku anaondoka nilijifungia jikoni nikasema siwezi kuacha ugali uungue. Ugali gani, saa moja asubuhi? Nilijua ninachofanya. Nilijiambia kwamba mtu ambaye hajasindikizwa hajaondoka, yuko njiani tu, atarudi. Alisimama mlangoni akaita bibi, bibi, kisha nikasikia magurudumu ya sanduku yanaburuzika kwenye kokoto. Sasa miaka yake miwili imeisha, wenzake kule wamemwomba aongeze mitatu, na amesema hatawajibu neno mpaka bibi yake aseme. Mchungaji Kiangi anakuja saa kumi kuchukua jibu langu. Nami jibu sina. Ninasukuma mto ndani ya foronya, mto hauingii wote, ninasukuma, mkono unazama mpaka kiwiko, mpaka bega, kule ndani kuna ubaridi wa asubuhi, na kichwa nacho kinaufuata mkono.

Ninatokea barabarani. Ni pana, nyeupe kama unga uliochekechwa, na inakwenda mbele mpaka macho yanachoka, na nikigeuka nyuma inakwenda vilevile, hata sijui mbele ni ipi. Nina kanga zangu mbili na kandambili, na miguu haisikii baridi ingawa pumzi yangu inatoka kama moshi wa kuni mbichi. Kando ya njia amesimama mtu aliyevaa utepe wa kijani kifuani kama wazee wetu wa kanisa wanaoonyesha watu pa kukaa, ila uso hana. Pale penye uso ni laini tupu kama mgongo wa bakuli. Ninamwamkia shikamoo, kwa sababu siwezi kukisia umri wake. Marahaba, anajibu, na mdomo hana. Ninamuuliza, baba, barabara hii inakwenda wapi? Haijawahi kwenda popote, anasema, wanaokwenda ni watu. Namtafuta mjukuu wangu, ninasema, Namsifu, umemwona? Yuko palepale ulipomwacha. Nilimwacha mlangoni kwangu. Basi mbona unamtafuta mbali? Ningekuwa na nguvu za zamani ningemjibu huyu, lakini ninashika njia, yeye anatangulia, na kila ninapopepesa jicho anakuwa mwingine, mfupi, mrefu, mwanamke, ila utepe ni uleule.

Tunafika kwenye mji, na mji wote ni nyumba yangu. Nyumba yangu mara mia, mlango wa buluu, ufa wa ukutani uliotokana na tetemeko, ndoo ya maji iliyofunikwa sinia, yote mara mia, na ardhi inang'aa kama kioo kiasi kwamba chini ya miguu yangu kuna mji mwingine uliopinduka na bibi mwingine anayekanyaga nyayo zangu kutokea chini. Ninachungulia mlango wa kwanza. Ndani ameketi kijana mwenye sanduku mapajani. Uso hana, lakini viatu ninavijua, maana siku za kuaga huwa ninaangalia viatu tu, nikiangalia uso nitalia. Hivi ni vya Jonas, yule aliyewaamkia shikamoo hata watoto wa chekechea, nao wakimwitikia marahaba kwa sauti nzito na kuanguka kwa kicheko. Jonas, ninasema, unafanya nini hapa, si nilikusindikiza mwenyewe? Nilifika nyumbani, bibi, anasema, nimeoa, nina kitambi. Huyu unayemwona hapa ni yule aliyebaki. Alibaki kufanya nini? Kukusubiri umwangalie. Mlango wa pili viatu vya Annika, aliyelia siku ya kwanza alipoona dagaa wana macho. Mlango wa tatu, wa nne, wote wamo, na kila mmoja ananiuliza kwa upole, bibi, umekula? Lile swali nililokuwa ninawauliza mimi. Ninajibu nimekula, nimekula, na ninaona aibu, kwa sababu tangu Namsifu aondoke ninapika kikombe kimoja cha mchele na kinalala.

Mji unaisha ghafla kama nguo iliyokatwa, barabara inapinda, na hapo kwenye kona amesimama Namsifu. Amevaa sweta la buluu, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, theluji imejaa mabegani kama mtu aliyepakwa chokaa. Hajasogea hata hatua moja kwa miaka miwili. Mke mwenzangu, anasema bila kugeuka, huo ugali bado tu haujaiva? Anacheka kile kicheko chake cha puani. Unga ulikuwa mbaya, ninamjibu. Mwongo mkubwa wewe, anasema, haya, nisindikize, miguu imekufa ganzi. Ninashika mpini wa sanduku upande mmoja, yeye mwingine, tunakwenda tunaongea habari za ng'ombe, za kwaya, za nani amezaa. Tunafika darajani. Rudi sasa bibi, anasema, lakini ngoja nikusogeze kidogo, usitembee peke yako. Ananirudisha mpaka mlangoni. Nami ninasema, siwezi kukuacha uende peke yako, ninamrudisha mpaka darajani. Na yeye ananirudisha. Na mimi ninamrudisha. Mara kumi, mara ishirini, tunakwenda tunarudi. Ndipo ninaona mkono wake ulioshika mpini, mishipa imesimama, ngozi imekunjamana kama yangu. Ninainua macho kwenye nywele, nyeupe, na si theluji. Ninamwita yule wa utepe. Wewe, mtoto anazeeka! Yeye haendi wala harudi, anasema, unataka afanye nini kingine? Mwisho wake ni nini, ninamuuliza. Mmoja asimame. Yupi? Anayejua nyumbani ni wapi.

Tunafika tena darajani na ninasimama. Miguu inataka kuendelea, ninaikataza. Bibi, anasema Namsifu, niambie ukweli. Kule kuna mzee mmoja hanywi chai mpaka nifike. Ninataka kukaa naye. Na kila nikifua nguo ninakulilia. Ukisema rudi, ninarudi leo hii. Neno rudi liko mdomoni mwangu tayari, lina ladha kama ya asali. Ninaacha kuangalia viatu. Ninamwangalia usoni, na uso upo, mzima, wa miaka ishirini na minne, na kidevu kile cha mama yake. Nenda, ninasema. Ongeza hiyo mitatu. Na ukimaliza mitatu usiniulize tena, ujiulize mwenyewe. Huyo mzee wako umtilie tangawizi kwenye chai. Anaitikia kwa kichwa, anapita daraja na sanduku lake linaruka kwenye mbao, tak, tak, tak, mpaka silisikii tena. Ninabaki. Barabara yote nyeupe, na hakuna mtu ndani yake isipokuwa mimi.

Hodi, anasema mtu. Hodi humu ndani. Ni Mchungaji Kiangi, ameinama mlangoni kwa urefu wake, kofia mkononi. Bibi Nakiete, anasema, kitanda cha wageni umekijaribu mwenyewe kwanza? Ninaketi. Ninamwambia, nimeshamjibu. Umemjibu nani? Namsifu, nimemwambia aende. Lini, bibi? Amenipigia simu sasa hivi anasema hajasikia lolote kutoka kwako. Ninamtazama mchungaji, ninatazama mikono yangu, nayo imechoka kama iliyobeba kitu kizito. Labda hapa ndipo nilipoamka. Labda nimeamka kule, darajani, na huyu anayeniuliza ndiye ndoto, na chumba hiki kitayeyuka nikifumba macho. Siwezi kujua. Ninajua tu kwamba mahali pamoja kati ya hapa pawili mtoto wangu bado amesimama ananisubiri. Mchungaji, ninasema, andika au piga simu, vyovyote. Mwambie bibi amesema nenda. Na neno linauma vilevile kama mara ya kwanza, halijapungua hata kidogo.