Mafuta ya Wimbo wa Mkuu

Asubuhi kabla ya kengele, Mwalimu wa muziki alitandaza karatasi juu ya piano, akaanza kuchambua nyimbo kama anayetoa mawe kwenye mchele. Wimbo wa anayeanza, kwake, ulikuwa na masharti: vidole vitano visihame vitufe vitano, na mtoto awe ameuimba kwa mdomo kabla ya kuugusa kwa mkono. Alibakiza tatu: wa ngazi, wa paka mvivu, na ule wa kubembeleza ambao binti yake Kifaranga, mwanafunzi wake pia, aliulalia tangu uchanga.

Mkuu wa shule aliingia bila kubisha.

"Usijisumbue, Mwalimu. Wataanza na wimbo wangu."

Aliutunga mwenyewe. Ulikuwa na sauti mbili, ti-ta, ti-ta, na maneno ya kumsifu yeye. Mtoto angebonyeza vitufe viwili vyenye karatasi nyekundu, na redio iliyofichwa nyuma ya pazia ingepiga muziki wote uliobaki.

"Sasa hapo mtoto atajifunza nini?"

"Mzazi atapiga picha, mama. Mzazi akifurahi, sote tunakula." Akajikuna shingo. "Na Kifaranga si anasoma bure hapa, au nimesahau?"

Mwalimu akazikunja karatasi zake.

Mtoto wa kwanza alipoupiga wimbo huo, vitufe vilitoa mafuta. Yalikuwa mazito, ya manjano, kama ya supu iliyolala, yenye nywele mbili tatu na harufu ya mdomo usiojua mswaki. Mtoto akajifuta kwenye sketi, akampisha mwenzake. Fundi wa piano akaitwa. Akafungua ubao wa chini, akanusa, akafunga.

"Nyuzi nzima, nyundo nzima. Wekeni beseni."

Wakaweka. Mfagiaji alilimwaga kila mapumziko, akinung'unika tu kwamba mafuta yanaziba mfereji. Ukipigwa wimbo wa paka, piano ilikauka kau. Mwalimu alimwonyesha Mkuu tofauti hiyo.

"Sabuni iko stoo," alisema Mkuu.

Siku ya wazazi Kifaranga alikuwa wa mwisho kuupiga wimbo wa Mkuu. Mafuta yalimfika viwikoni. Wazazi waliinua miguu kuokoa viatu, huku simu zikiwa juu.

"Mashallah, kanaweza!" alisema mama mmoja. "Na juzi tu kalikuwa hakajui kitu."

Mkuu alisimama kupokea makofi, akateleza, akashika pazia, akacheka. Kidevu chake kiling'aa. Mwalimu akapiga makofi pamoja na wengine.

Nyumbani alimsugua binti yake kwa sabuni ya kufulia. Piano hawakuwa nayo, kwa hiyo alimkalisha mezani, akampanga vidole vitano juu ya ubao wa meza.

"Sasa ule wetu, mwanangu. Wa kulalia. Anza na gumba."

Kifaranga aliuimba mstari wa kwanza bila kosa. Lakini vidole viwili vikaenda ti-ta, ti-ta, na vitatu vikalala.

"Hivi, mama?"

"Sivyo. Rudia."

Ti-ta. Ti-ta. Meza ikaanza kutoa mafuta, taratibu, kuelekea sahani za chakula.

Mama alisogeza sahani, akaenda jikoni kuleta beseni.