Siku ya Kupimwa Sare

Mgongo wangu umepinda kwa ajili ya watoto wa watu. Nimeshona sare za shule iliyo ng'ambo ya barabara kwa miaka kumi na tisa, sketi za buluu na mashati meupe, mpaka nikivunja uzi kwa meno siku hizi naonja ladha ya buluu. Na kama kuna kitu ninachokijua vizuri duniani, ni viuno vya wasichana.

Kila muhula una siku ya kupimwa. Wasichana wanapanga foleni katika darasa lisilotumika, mimi nakaa kwenye kigoda, futi ya kupimia shingoni na daftari juu ya dawati. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Wavulana nao wanapimwa suruali kesho yake, lakini sijaona bado kipimo cha suruali kilichomrudisha mtu nyumbani.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe ya daftari. Zamani shule ilikuwa inamleta nesi na vichupa vyake vya mkojo, wazazi wakaja juu, wakasema watoto wao wanadhalilishwa. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye akili nyingi na haraka nyingi, akaniita ofisini. "Fundi," akasema, "wewe unawapima hata hivyo. Yule ambaye kiuno kimeongezeka na mabega yako pale pale, nitilie nukta pembeni. Mengine niachie mimi." Nikatia nukta. Mdomo wangu haukutaja jina la mtu na mkono wangu haukumsukuma mtu getini. Katika miaka minne nilitia nukta tisa. Wasichana tisa walibeba mabegi yao wakaenda, nami kila mara nilijiambia sheria ni ya shule, mimi ni wa cherehani.

Mwanangu wa mwisho yuko shule hiyo hiyo. Tunamwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla meno hayajatimia na hakunyamaza tena mpaka mwaka huu. Yeye sikuwahi kumpima. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la mafundi wote: watoto wetu tunawashonea kwa macho. Unachukua sketi ya mwaka jana, unailaza juu ya kitambaa, unaongeza upana wa kidole, unakata. Namba zake za daftari nilikuwa naziandika nyumbani, kutoka kichwani. Muhula wa pili alikuja akasimama karibu na cherehani, akasema, "Mama, nitilie lastiki kiunoni, zipu inanikata nikikaa kusoma." Mtoto wa mtu angeniambia hivyo ningemtazama mara mbili. Wangu nilimtilia lastiki, tena ile pana, nikamwambia asome kwa bidii.

Muhula wa tatu, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kupimia. Alikuwa na mawili ya kusema. La kwanza alilisema kwa sauti, kwamba safari hii hata wa Fundi apimwe mbele ya wenzake, watu wasije wakasema kuna upendeleo. La pili alilileta sikioni mwangu. "Na daftari usiniletee safi. Wasichana ishirini na wanne, darasa la mwisho, haiwezekani. Likija safi nitamwita nesi apime mmoja mmoja, wazazi waseme watakavyosema." Akaenda zake, viatu vikigonga sakafu.

Chiriku alikuwa wa kumi na nne. Aliposimama mbele yangu aliinua mikono kama wenzake, akautazama ubao. Nikapitisha futi. Tumbo la chakula ni laini, ukilibana linakubali. Lile halikukubali. Nikasoma thelathini na moja. Nyuma yake msichana mmoja alikuwa anacheka jambo jingine kabisa na rafiki yake. Nitasema kweli, kilichonijia kwanza hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira, ya mtu aliyeibiwa mchana, mlango wazi, yeye mwenyewe amekaa kizingitini. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo niliishona mimi, nikaitia na lastiki.

Nikaandika ishirini na sita. "Nenda," nikamwambia. Akashusha mikono akaenda bila kunitazama.

Wa kumi na nane alikuwa Twiga. Ni jina walilompa wenzake kwa ajili ya shingo na miguu. Nimemshonea tangu kidato cha kwanza, na kila mwaka nilimlalamikia shangazi yake kwamba huyu mtoto ananimalizia kitambaa. Shangazi ndiye aliyemlea, dobi wa hospitali, mikono imebabuka kwa sabuni. Muhula uliopita Twiga alikuwa ishirini na sita. Sasa nilipata thelathini, na mabega yale yale. Akainama, na kwa urefu wake ilibidi ainame sana, akaninong'oneza, "Mama, zimebaki wiki tatu tu. Niandikie kidogo."

Nyuma yake walibaki sita, wote wembamba kama fito. Niliwaza kwa haraka kuliko ninavyopenda kukumbuka. Daftari likienda safi, nesi anakuja. Nesi akija, wanaondoka wote wawili. Likienda na nukta moja, mwalimu mkuu anaridhika na nesi anabaki kwake. Nukta ilitakiwa iende kwa mtu, na mtu alikuwa amesimama mbele yangu. Nikaandika thelathini, nikatia nukta. "Mwingine," nikasema.

Jioni Chiriku alinikuta uani naosha vyombo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumchapa nayo, lakini alipokaa kwenye ngazi na kuvua viatu nikaona miguu imevimba, yakanipotea nusu.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Yuko darasani kwetu."

"Anajua?"

"Anajua. Amesema nisimharibie maisha, ana mtihani."

"Na wewe huna mtihani?"

Akainamia viatu vyake. Nikasugua sufuria ambalo lilikuwa limetakata zamani. "Na mimi mama yako," nikasema, "nimekukosea nini hata ushindwe kuniambia? Miezi yote hii tunakula sahani moja."

Hapo akainua uso. "Ningekuambia wewe, Mama? Shule nzima inajua nukta ni zako. Msichana akichelewa siku zake hamwogopi mwalimu mkuu, anakuogopa wewe. Kuna mmoja mwaka jana alijifunga bandeji tumboni kabla ya siku yako, akazimia kwenye foleni. Wewe ukasema hajanywa chai."

Nilikumbuka. Nilimpa hata sukari alambe. Chiriku hakuyasema kwa ukali, na ningefurahi kama angepayuka, maana kelele unaweza kuijibu kwa kelele. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimelisikia neno hilo tangu mdogo, na siku zote nilidhani linasemewa watu wengine.

Twiga aliitwa ofisini kesho yake kabla ya mapumziko ya saa nne. Siku ya tatu shangazi yake alikuja kibarazani kwangu na kifurushi. Ndani zilikuwa sketi na shati, zimefuliwa, zimenyooshwa na kukunjwa kama shuka za wodini.

"Wanasema nesi ndiye aliyemgundua," akaniambia, nami nilijua nesi hakuitwa. "Yule nesi ana macho." Akakaa. "Miaka minne, Fundi. Nimefua mashuka ya wagonjwa miaka minne, imebaki wiki tatu. Si wangesubiri tu, hata kwa kujitia hamnazo?"

"Wangesubiri," nikasema.

"Chukua hizi umpe mtoto wa mtu atakayezihitaji. Zikikaa ndani anazitazama kutwa. Halii, anazitazama tu."

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulikuwepo na maneno yalikuwepo. Nilimpa maji, nikamuuliza kama mtoto anakula, nikamsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi kifurushi kilikuwa juu ya cherehani.

Sasa kuna jambo ambalo fundi tu atalielewa upesi. Tumbo la Chiriku lilikuwa halingojei mtihani. Lastiki ilifika mwisho wake, na sketi ilitaka kuongezwa ubavuni, kipande huku na kipande huku. Kitambaa kipya ninacho, marobota mawili. Lakini buluu iliyofuliwa miaka miwili ina rangi yake, imepauka kwa jua na sabuni, na ukiitia kiraka kipya mtu anakiona toka getini. Nilijaribu kukifua kipya kwa magadi, nikakianika juani siku mbili, kikabaki kipya. Nilikuwa nahitaji kitambaa cha robota lile lile, kilichovaliwa miaka ile ile. Nilikuwa nacho. Kilikuwa kirefu, tena.

Nikafumua sketi ya Twiga. Nilikuwa nakata uzi wa mwisho Chiriku alipoingia akaona mabaki sakafuni, ule mkanda wa kiuno na ile zipu.

"Hiyo ni ya Twiga," akasema.

"Ni kitambaa."

Aliokota zipu akaiweka mezani polepole, akaingia ndani. Asubuhi aliivaa ile sketi, maana hakuwa na nyingine, na mshono wangu haukuonekana hata kwangu niliyeushona. Sijawahi kushona vizuri kama siku ile na sijawahi kujichukia kama siku ile.

Mtihani ulichukua siku kumi. Kila asubuhi nilinyoosha, akavaa, akavuka barabara. Walimu walimpita na hakuna aliyemtazama mara mbili. Daftari lilikuwa limeshasema, na pale shuleni wanaamini kilichoandikwa kuliko kinachotembea. Yule mvulana naye, ambaye Chiriku alishanionyesha, alimaliza salama, nilimwona kwa mbali akirusha shati hewani na wenzake. Suruali yake niliishona mimi.

Siku ya mwisho Chiriku alirudi mchana. Akavua sare, akavaa gauni langu la nyumbani, na tumbo likakaa mahali pake bila kujificha. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Akala kidogo, akasukuma sahani.

"Dawati la mbele yangu ni la Twiga," akasema. "Arobaini na moja. Mimi arobaini na mbili. Hawakuliondoa, namba imebandikwa. Kila mtihani msimamizi anaweka karatasi pale, muda ukiisha anaiokota nyeupe, anaiweka pamoja na zetu. Siku kumi, Mama."

"Lakini wewe umejibu?"

"Nimejibu yote. Nitafaulu." Alisema kama mtu anayekiri kosa kituo cha polisi. Kisha akasimama. "Nakwenda kwao sasa hivi. Nikienda peke yangu nitasema mimi. Ukija, utasema mwenyewe."

"Nimechoka, mwanangu," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Macho yalikuwa yamechoka, vidole, hata kiti kilikuwa kimenichoka. Mbele yangu niliona miaka mingine ya nepi na uji, na mimi nilifikiri nimeshamaliza. Alisimama tu mlangoni, mkono kiunoni, ananisubiri. Nikavaa viatu.

Wanakaa chumba kimoja nyuma ya hospitali, karibu na matangi ya kufulia. Shangazi alikuwa zamu. Twiga alikuwa peke yake, amekaa kitandani na mlima wa mashuka meupe, anayakunja. Aliponiona mimi kwanza mlangoni akanyanyuka kwa heshima, shikamoo Mama, karibu Mama, akaondoa mashuka kwenye kiti cha pekee. Kisha akamwona Chiriku nyuma yangu, akatabasamu kabisa. "Enhe, historia ilikuwaje? Lile swali la mwisho lilitoka?"

"Lilitoka," Chiriku akasema, akaingia.

Chumba ni chembamba, ilibidi apite ubavu ubavu kati ya kitanda na ukuta, na gauni likavutika. Twiga aliangalia. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilikaa pale kidogo kama halijapata habari. Akaketi. Akachukua shuka, akatafuta pembe zake.

Nilikuwa nimepanga njiani nianze wapi. Ningeanza na mwalimu mkuu, halafu nesi, halafu daftari safi. Hakunipa nafasi.

"Ulimpima kweli siku ile?" akaniuliza. Si kwa hasira. Alikuwa anauliza kama mwanafunzi anayetaka kujua.

"Nilimpima."

"Akawa ngapi?"

"Thelathini na moja," nikasema. "Nikaandika ishirini na sita."

Akalikunja lile shuka, pembe kwa pembe, akalilaza juu ya mengine na kulipapasa likanyooka. Chiriku alikuwa analia, mimi bado.

"Kwake umepunguza tano," Twiga akasema. "Mimi zilikuwa nne tu."