Mashua Haikupasuka

Mashua ya Tshimanga ilikwama juu ya kichuguu karibu na Kingamyambo, mbali na maji, na wenye mapanga walikuwa wanakaribia.

Ilikuwa mwaka 1993. Watu wa Kasai, kama yeye, walikuwa wanafukuzwa Kolwezi, na treni ya kuwarudisha kwao ilikuwa haijafika kwa majuma matatu. Tshimanga alikuwa fundi wa mashua za tanga za Wazungu kwenye ziwa la Nzilo. Walipoondoka walimwachia moja kuukuu, ya faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Asubuhi alipandisha tanga uani kwake Manika, akapakia mkewe Kanku, watoto wanne na mama yake, Bilonda. Upepo ulikuwa mzuri. Mashua ikapita sokoni juu ya vumbi. Polisi akaisimamishia magari.

"Tata Tshimanga, mubebe na mayi yenu!" muuza makala alipiga kelele, watu wakacheka.

Pale kwenye kichuguu Tshimanga alishuka, akagonga ubavu kwa nyundo ndogo. Faiba nzima hulia. Iliyooza hutoa sauti ya gunia. Ililia.

"Haipasukake," alisema. "Zamani balikuwa bado kujua nguvu ya faiba, balitia mingi. Angalia, munene kama kidole gumba. Tutoe tu muzigo."

Ndivyo fundi anavyofanya mashua ikikwama. Akatupa cherehani. Mashua ikanyanyuka.

Kwenye reli ilikwama tena. Akatupa magunia mawili ya bunga ya ugali.

Mara ya tatu ilikuwa juu ya mawe, na vijana wa hapo walikuwa tayari wanarusha yao. Mawe yaligonga ubavu yakarudi. Moja lilimpata Kanku begani. Hakukuwa na kitu cha kutupa. Tshimanga akaanza tena kugonga.

"Unagonga nini ingine?" Bilonda alimwuliza. "Haiko mashua, mutu njo anapasukaka. Mi niko muzito."

"Mama, ikala mu mashua!"

Bilonda alishuka, akatandika kitenge chake juu ya mawe, akaketi. Mashua ikaondoka mara moja. Tshimanga alishika kamba ashushe tanga. Kanku akamkamata mkono.

"Batoto," alisema.

Karibu na Tenke ilikwama mara ya nne. Walisikia filimbi za wenye mapanga nyuma yao. Kanku alimpa mumewe mtoto mchanga, akashuka bila kuambiwa.

Stesheni ya Tenke ilijaa watu wa Kasai, na treni haikuwapo. Tshimanga alikagua mashua. Mkuku, uti wa chini wa mashua, ulikuwa na mkwaruzo mmoja, urefu wa kiganja.

Iligharimu cherehani moja, magunia mawili ya bunga, mama mmoja, mke mmoja.