Mwavuli wa Bi Wadha

Kitendawili! Nna mlinzi wangu: jua likiwaka yupo, mvua ikinyesha hayupo. Usinambie kivuli, hicho kila mtoto anakijua.

Bi Wadha wa mtaa wa Mawaleh alimtegea hicho jirani yake Jemimah, Mkenya, aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya ukuta. Jemimah akasema, "Ngoja nikifikirie, Mama." Ukuta ulikuwa wa Bi Wadha, lakini ulishainamia kwa Jemimah.

"Usikhofu, mwanangu. Nna bima ya mwavuli, ile inayofunika kila madhara. Ukuta ukikuangukia, watu wa bima ndio watakaokulipia matibabu."

Mwavuli wenyewe ulikuwa juu ya nyumba, mweusi, hauna mpini. Ulifunguka siku Bi Wadha alipotia saini bima, mkubwa kama hema la harusi, njiwa wakalala kwenye ncha zake. Kila mwaka Muatasim, kijana wa bima, alikuja, akanywa kahawa, akasema, "Masharti yamebadilika kidogo, Bi Mkubwa," na mwavuli ukanywea. Mwaka mmoja uliliacha tangi la maji nje. Mwaka wa pili, baraza.

Safari hii Bi Wadha alishanunua matofali ya kuujenga upya ukuta.

"Usiuguse," Muatasim akasema. "Ukiugusa kabla mkaguzi hajauona, bima imevunjika."

"Atakuja lini?"

"Inshallah."

Matofali yakaota majani. Mkaguzi hakuja, ikaja mvua. Tone la kwanza tu, mwavuli ukajifunga, ukaning'inia kama popo. Ukuta ukamwangukia Jemimah akianua nguo, ukamvunja mguu.

Muatasim alikuja, akanywa kahawa. "Ukuta ulikuwa mbovu, na wewe ulijua. Hatulipi."

"Si mlinikataza kuugusa?"

"Hilo nalo kweli," akasema kwa upole, akaomba tende.

Jua lilipotoka mwavuli ukafunguka tena, sasa mdogo kama kawa la kufunikia chakula. Jemimah alikuwa amelala uani kwa Bi Wadha, mguu umefungwa plasta. Kazini walishamwambia asirudi. Bi Wadha akaliburura godoro huku na huku alitie kivulini. Kikaenea kidole gumba tu.

Jemimah akautazama mwavuli.

"Mama, kile kitendawili chako."

"Ehe, mwanangu?"

"Ni huo hapo juu."